Mtoto Aliyebaki Louisville

Siku ya Krismasi Generoza alisema kichwa kinamuuma. Dada yake Angelika alimtazama mara moja tu, akajua kinachouma si kichwa, lakini hakubisha. Alimvika kitinda mimba wake koti juu ya koti, akamfunika uso kwa shali, akawahimiza wengine watangulie garini na baba yao, Jovini. Alipofika mlangoni akageuka.

"Uji uko jikoni. Ukizidiwa nipigie simu, nitatoka hata mahubiri yakiwa katikati."

"Nenda, dada. Mtachelewa."

Siku hiyo kanisani kwao watoto wote waliozaliwa mwaka ule wangeitwa mbele, wabarikiwe mmoja mmoja, akina mama wakipiga vigelegele mpaka paa litikisike. Kwa hiyo tusimlaumu Generoza. Alikuwa na kila haki ya kuumwa kichwa.

Walipoondoka, nyumba ikawa kimya. Ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao huko North Buffalo, na theluji ilikuwa ikianguka tangu juzi, bila haraka wala kelele. Generoza alivuta kiti karibu na dirisha, penye chuma cha kupashia joto. Juu ya chuma hicho zilikauka soksi za kitinda mimba wa Angelika, ndogo kiasi cha kuingia kwenye kidole gumba. Aliziangalia kwa muda. Hakuziondoa, wala hakuzigusa.

Usingizi ukamchukua akiwa ameketi, ule usingizi mwepesi wa mchana ambao mtu husikia sauti za nyumba huku anaota. Aliota ukumbi mrefu, na mtoto wa kiume akitembea mbele yake bila viatu. Hakumwita mama. Alikuwa ameshika kitu mkononi, akageuka ili amwonyeshe. Generoza akainama, akakaribia kukiona, mara theluji ikaporomoka kutoka kwenye paa na kumwamsha. Alifumba macho tena upesi ili amwahi, lakini mtoto alikuwa ameshapita.

Alikuwa ameolewa na Masumbuko miaka sita. Mimba mbili za kwanza zilitoka mapema mno, hata majirani hawakujua. Ya tatu ilikaa. Ilifika wiki ya kumi na saba, wakaanza kuamini, wakaanza hata kucheka usiku kitandani wakibishana kuhusu majina. Halafu Septemba, Alhamisi moja hospitalini huko Columbus walikoishi, mtoto akaja kabla ya wakati wake, akiwa ametimia vidole vyote, asiye na pumzi. Jumamosi Masumbuko akarudi kazini ghalani kupanga maboksi. Alisema neno moja tu, "Tutapata mwingine," na tangu siku hiyo hakumtaja tena.

Na mama mkwe? Mama Nzigire wa Louisville hakupiga simu. Huyu mama hakumtaka Generoza tangu mwanzo. Alisema wasichana wa kwao Bukavu hawakuisha hata mwanawe akaoe Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Miaka ikapita bila mtoto, na salamu kati ya wanawake hao wawili zikawa zinapitia kwa Masumbuko, kama barua zinavyopitia posta. Lakini hata hivyo! Generoza alingoja pole yake siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye alijiuliza kama katika msemo huo na yeye amehesabiwa.

Novemba ilipoisha, maduka yote ya Morse Road, hata yale ya Waafrika yanayouza sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, yakaanza kupiga nyimbo za Noeli. Kila mahali palikuwa na mama na mtoto, mama na mtoto. Generoza akafunga sanduku, akamwambia mumewe anakwenda kumsalimia dada. Hakumwambia kwamba Angelika amemwombea nafasi kwenye kiwanda anachofanyia kazi, na kwamba baada ya mwaka mpya, Jumatatu ya kwanza, angeanza. Wala hakumwambia kwamba akiianza kazi hiyo, hatarudi Columbus.

Saa tisa kasoro kengele ya mlango ikalia. Alishuka ngazi akidhani dada amesahau kitu. Akafungua.

Masumbuko alisimama kwenye theluji iliyofika magotini, nyusi zake nyeupe, themosi kwapani, mfuko wa plastiki mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika beseni jekundu.

"Noeli njema, sheri yangu."

"Masumbuko? Si uko Louisville?"

"Nilikuwa kule. Nilitoka saa kumi ya alfajiri."

"Na beseni?"

"Na beseni. Bon, acha niingie kwanza. Siko nasikia miguu tena."

Generoza alisogea. Kwao wote wawili hakuna mila inayoruhusu mtu kuachwa kwenye baridi, hata kama mtu huyo ni mume. Alimpa chai. Alitaka asimtazame, lakini macho hayana adabu. Aliona ndevu zimeota bila mpango, aliona mabega yamepungua. Aliyapenda mabega hayo tangu siku walipokutana kwenye foleni ya basi, Masumbuko alipomkinga mvua kwa mwavuli uliovunjika upande na kumchekesha mpaka akapitiliza kituo. Sasa mwenye mabega alikuwa akiizungusha bilauri ya chai mikononi bila kuinywa.

"Mama anakusalimia," alisema.

Generoza alicheka kicheko kikavu. "Leo ndiyo ananisalimia? Miezi mitatu, Masumbuko. Hata pole moja. Kuku wa jirani akifa watu husema pole."

"Hakujua."

"Hakujua nini?"

"Gene, Mama hakujua kama mutoto alienda. Mie sikumwambia."

Chuma cha joto kiligonga mara mbili, kikanyamaza.

"Rudia," Generoza alisema polepole.

"Mimba njo nilimwambia, mu Julai. Ulinikataza, ulisema kwenu mimba haitangazwi, mie furaha ikanishinda. Kisha mutoto akaenda, na kinywa ikakataa. Kila siku ya Mungu Mama anapiga simu. 'Masumbuko, tumbo ya bibi yako inaendelea?' Mie nasema, 'Inaendelea, Mama.'"

Generoza aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Miezi mitatu nimemchukia mama wa watu bure! Nimepiga magoti nikimwomba Mungu aniondolee chuki ile, kumbe mwenye kuipanda nalala naye kitanda kimoja! Na mimi? Ulifikiri mimi ninaendelea? Unajua kwamba maziwa yalitoka?"

Masumbuko aliinamisha kichwa. "Mama aliniuliza jana. Nilimwambia sijui."

"Siku ya nne yalitoka. Nilijifunga kanga kifuani bafuni peke yangu, nikafungua bomba ili nikilia usinisikie. Kumbe sikuhitaji bomba, wewe ulikuwa kazini. Ukarudi jioni ukasema nini? Sema mwenyewe."

"Nilisema tutapata mwingine."

"Mimi sikumtaka mwingine. Nilimtaka yule."

Neno hilo lilipotoka, wote wawili waliogopa. Lilikuwa limekaa ndani ya Generoza muda mrefu hata likaonekana kubwa kuliko chumba. Nje theluji iliendelea na kazi yake. Generoza aliegemea dirisha, mikono amejikumbatia, sauti imeshuka.

"Niambie kwa nini ulimficha mama yako. Usinidanganye. Ukinidanganya leo, shuka ngazi uende zako."

Masumbuko aliiweka chini bilauri ya chai.

"Sababu kule Louisville mutoto alikuwa angali muzima," alisema.

"Nini?"

"Kwetu Columbus alishakufa. Nilikuwa naona mu macho yako kila asubui, nikakimbia kazini. Lakini kwa Mama, mutoto alikuwa anakuwa tu. Mama anauliza kama anapiga teke, nasema anapiga. Anasema atafanana na baba yangu, nasema labda. Donc kila siku ya Mungu, dakika kumi, niko na mutoto. Kisha nakata simu, anakufa tena." Alipangusa pua kwa kiganja. "Nilikuwa nahesabu, Gene. Jana alikuwa na miezi saba."

Generoza aliinua kile kiti kilichoanguka. Alikuwa akidhani yeye peke yake ndiye anayekutana na mtoto yule mchana kwa siri, ukumbini, akiwa nusu macho. Kumbe baba wa mtoto naye alikuwa na mlango wake wa nyuma wa kuingilia, na hawakuwahi kuambiana. Hasira yake haikwisha, tusidanganyane. Ila ilikaa chini.

"Jana ilikuwaje ukamwambia?" aliuliza.

"Unajua vile Mama anashonaka." Kila Krismasi Mama Nzigire hununua gora zima la kitenge na kuishonea familia yote sare, kuanzia wajomba hadi watoto wachanga. Mwaka ule alikuwa ameweka kitenge cha buluu chenye maua ya njano kwenye mashine yake pale sebuleni kwake, mtaa wa Beechmont. "Akanionyesha robe yako, gauni ya mimba. Kubwa, yenye nafasi hapa mbele. Akasema, 'Masumbuko, simama, nipimie na mikono, tumbo imefika wapi.' Nikaweka mikono hivi."

Akaonyesha. Viganja viwili vikatandazwa hewani mbele ya tumbo lake mwenyewe, mviringo, kama mtu aliyebeba chungu.

"Nikaangalia katikati ya mikono. Hakuna kitu. Njo pale nikamwambia yote."

"Akafanya nini?"

"Alinipiga kofi."

"Kofi?"

"Miaka makumi tatu na nane, na kofi! Akasema, 'Uliacha bibi yako, mutoto ya batu, na maziwa mu kifua, hakuna hata mwenye kumukanda?' Akalia. Kisha akachukua mukasi, akafumua ile robe yote." Masumbuko alifungua mfuko, akatoa kitenge kirefu cha buluu, kimeunganishwa vipande kwa vipande, mshono ukiwa umepinda mahali kwa haraka. "Hii ni ya kukufunga tumbo. Uji iko mu themosi. Na mafuta ya mawese iko hapa. Mama alitaka kuya yeye mwenyewe, magoti zikakataa. Akanifundisha mie."

Generoza alitazama beseni, akamtazama mumewe.

"Wewe unikande?"

"Mie."

"Masumbuko, mwanamume hamkandi mzazi. Tangu lini?"

"Hata Mama alisema vile. Alikataa kabisa. Alisema nitaleta mukosi mu nyumba, alisema wamama watamucheka mpaka kaburini. Kisha akakaa, akafikiri, akasema, 'Wewe njo ulificha, wewe njo utakanda.'"

Kwa Warundi na kwa Wakongo, mwanamke akijifungua huja mama yake au mama mkwe na kitambaa na maji ya moto, akamkanda mgongo, nyonga na tumbo, akamfunga kitenge, akamnywesha uji mpaka atoke jasho. Ndivyo mwili unavyoambiwa kwamba kazi imekwisha na kwamba kazi hiyo imeonekana. Mwili wa Generoza haukuambiwa. Ulitoka hospitalini na karatasi, ukapanda gari, ukafua nguo.

"Imepita miezi mitatu," alisema. "Maji ya moto yatasaidia nini sasa?"

"Sijui," alisema Masumbuko. "Mama njo anajua."

Akapiga simu ya video.

Sufuria kubwa la Angelika likabandikwa, jiko dogo likajaa mvuke. Generoza aliketi kwenye kigoda, mgongo wazi, kanga imefungwa kiunoni. Simu iliwekwa juu ya kabati la vyombo.

"Weka simu iangalie juu!" sauti ya Mama Nzigire ilifoka kutoka juu ya kabati. "Mie sitaki kuona uchi ya batu siku ya Noeli. Maji imechemuka?"

"Imechemuka, Mama."

"Tia mukono."

"Aii!"

"Bon, njo yenyewe. Chovya kitambaa, kamua, weka mu mgongo chini. Usipapase kama uko napanguza meza! Kandamiza!"

Kitambaa kilipogusa mgongo wake Generoza alishtuka, akaguna, halafu mabega yakashuka yenyewe. Joto lilizama ndani polepole, likafika mahali ambapo hakujua kwamba pamekaza. Madirisha yalifunikwa na mvuke, theluji ikapotea, Buffalo ikapotea. Kulikuwa na viganja vya Masumbuko tu, vikipanda na kushuka, na sauti ya maji yakirudi besenini.

"Mwana yangu," sauti ya juu ya kabati iliita, sasa ikiwa chini. "Uko nanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kuzungumza bila posta.

"Mie nilipoteza mumoja mu njia, tukikimbia vita. Hakuna mwenye alinikanda, nilibeba kitunga siku ile ile. Mupaka leo baridi ikiya, mgongo inakumbuka. Donc usiseme imepita miezi tatu." Alikohoa. "Kwa mutoto, sikukupigia simu juu sikujua. Lakini mbele ya pale, miaka yote ile, sikukupigia juu ya kiburi. Hiyo ya kiburi njo naombea musamaha."

Generoza alifunika uso kwa mikono. Machozi yalipita kati ya vidole, hakuyazuia, wala hapakuwa na bomba la kufungua.

"Nimekusamehe, Mama. Na mimi nilikuchukia. Unisamehe."

"Ungenichukia tu, nilifanya kazi ya kuchukiwa," alisema bibi kizee, na Generoza akacheka katikati ya kilio. "Niambie. Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Kanisani walimwambia Mungu anajua, kazini walimwambia bado ni kijana. Hakuna aliyeuliza alikuwa nani.

"Mwanamume, Mama. Alikuwa na vidole virefu."

Huko Louisville pua ikapengwa.

"Bon," alisema Mama Nzigire. "Donc niko na mujukuu mwanaume." Kisha simu ikakatika, kwa sababu wazee wa kule hawapendi kusikika wakilia.

Masumbuko aliendelea bila mwalimu. Alimpaka mafuta, akamkanda tumbo kwa hofu, akizungusha kiganja mahali palipokuwa na mtoto. Alimfunga kitenge, akazungusha mara tatu na kukaza kama alivyofundishwa. Alimmiminia uji wa mtama, akamshikia bakuli mpaka akamaliza. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Angelika aliniambia juu ya kazi," alisema. "Usimukasirikie. Mie sitakulazimisha, Gene. Kama moyo yako inataka kubaki huku, baki. Sikuya kukuchukua. Nilikuya sababu mutoto alikuwa wangu na mie, na sikusema. Sasa nasema. Alikuwa mutoto yangu. Nilimupenda. Nilimubeba mu mikono hii dakika tano, nikamurudisha kwa muganga ya hospitali, na tangu siku ile sijui mikono niweke wapi."

Generoza aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa imeiva kwa maji ya moto mpaka kwenye viwiko. Ndipo akili ilipomjia, akajishangaa kwamba miezi yote hiyo hakuwahi kuliuliza jambo dogo namna hiyo.

"Na wewe," alisema, "nani alikukanda?"

"Mie? Mwanaume hakandwi, sheri."

"Vua shati."

"Gene..."

"Vua."

Alimkalisha kwenye kigoda. Aliongeza maji kutoka kwenye sufuria, akachovya kitambaa, akakikamua, akakilaza katikati ya mabega yale. Masumbuko alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akachovya tena, akakandamiza. Mara ya tatu mgongo ulianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha wote, na kikatoka kilio ambacho Generoza hakuwahi kukisikia kwake, kizito, cha mtu asiyejua kulia kunavyofanywa. Hakumwambia nyamaza. Alikanda tu, tumbo lake lililofungwa kitenge likigusa mgongo wa mumewe kila alipoinama.

Chini mlango ulifunguliwa. Miguu mingi ikapanda ngazi, watoto wakiimba, Jovini akiwakemea wakung'ute theluji. Masumbuko alishtuka, akanyoosha mkono kutafuta shati.

"Watanikuta hivi, Gene. Acha nivae."

Generoza alimbonyeza bega, akamrudisha kwenye kigoda.

"Tulia," alisema. "Nimalize mgongo huu, halafu nifunge sanduku, twende kwetu."